Mpigaji wa Kuwaka na Kuzima: Chris Davis, Orioles na Mkataba wa Dola Milioni 161

Tarehe 6 Mei 2012, katika uwanja wa Fenway Park mjini Boston, Chris Davis wa Baltimore Orioles alisimama kupiga mara nane bila kupata hata pigo moja. Mara tano kati ya hizo alitolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mitatu mizuri aliyoikosa au kuiacha ipite. Mchezo wa besiboli una duru tisa, lakini ule ulikwenda mpaka ya 17. Warushaji wa Orioles wakaisha, na kocha Buck Showalter akampa Davis mpira akarushe yeye. Davis alirusha duru mbili bila kuruhusu alama, Adam Jones akapiga mpira uliovuka ukuta, Orioles ikashinda 9-6, na katika kumbukumbu za ligi mrushaji aliyeandikiwa ushindi ule ni Chris Davis.

Naanza na mchezo huo kwa sababu Davis mzima yumo ndani yake. Watu wa Baltimore walimjua hivyo tangu mapema: mtu mkubwa aliyepiga kwa upande wa kushoto, aliyetoka Texas Rangers Julai 2011, ambaye jioni moja angekukatisha tamaa kabisa na jioni ya pili angekuinua kwenye kiti. Walimpenda, wakamwita "Crush". Januari 2016 timu ilipompa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161, mkubwa kuliko wowote iliowahi kutoa hadi siku hiyo, mashabiki waligawanyika, na kila upande ulikuwa na hoja za kweli. Huu ni uchambuzi wa mgawanyiko huo: nani aliona nini, na nini hakikuonekana na upande wowote.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: mpigaji anayepata pigo safi mara tatu katika kumi ni bingwa, na wastani wake huandikwa 0.300. Anayeshuka chini ya 0.200 kwa kawaida hupoteza nafasi. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta ni homurani, na hilo ndilo pigo linalolipwa fedha nyingi kuliko yote.

Sasa tazama misimu mitatu iliyotangulia mkataba. Mwaka 2013 Davis alipiga homurani 53, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika ligi kuu, akivunja rekodi ya Orioles ya 50 iliyowekwa na Brady Anderson mwaka 1996. Wastani wake ulikuwa 0.286. Mwaka 2014 wastani ukaporomoka hadi 0.196, homurani 26, na mwezi Septemba akafungiwa michezo 25 kwa kutumia Adderall, dawa ya kusaidia umakini ambayo miaka ya nyuma aliwahi kuruhusiwa kuitumia kwa sababu za kitabibu, lakini msimu huo hakuwa na kibali. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa mwaka ule naye yuko nje akitazama. Mwaka 2015 akarudi: homurani 47, kinara wa ligi nzima kwa mara ya pili, wastani 0.262. Lakini pia alitolewa kwa straiki tatu mara 208.

Hata ndani ya msimu mmoja alikuwa hivyo hivyo. Katika 2013, homurani 37 kati ya 53 zilikuja kabla ya mapumziko ya katikati ya msimu. Zilizobaki 16 tu zilikuja baadaye. Mwaka 2015 mambo yakageuka: 19 kabla ya mapumziko, 28 baada yake.

Ukijumlisha misimu mitatu unapata homurani 126, yaani wastani wa 42 kwa mwaka. Namba hiyo 42 ndiyo iliyokaa vichwani mwa watu majira yale ya baridi. Waliotaka alipwe walisema: mzuri akiwa na mbaya wake, ni mtu wa 42. Vumilia kiangazi chake, masika yatafika.

Na walikuwa na kidonda kibichi. Mwaka 2014 Orioles ilikuwa imemchukua Nelson Cruz kwa mwaka mmoja na dola milioni 8, akapiga homurani 40, timu ikashinda michezo 96 na kutwaa kundi lake. Baada ya msimu, Seattle ikampa Cruz miaka minne na dola milioni 57, na Atlanta ikamchukua Nick Markakis kwa miaka minne na milioni 44. Orioles ikawaachia wote wawili. Wengi walikubaliana na uamuzi wa kumwacha Cruz. Mtu wa miaka 34 atadumu vipi? Cruz akaenda Seattle akapiga homurani 44, na Orioles ikamaliza 2015 kwa kushinda 81 na kupoteza 81. Shabiki aliyeumwa hivyo ukimwambia mwaka unaofuata kwamba Davis naye aachwe kwa sababu ya umri, hakusikii. Simlaumu. Mtu hupiga kura na maumivu yake ya jana.

Upande huo ulikuwa na maelezo mazuri pia kuhusu msimu mbaya wa 2014. Davis aliumia misuli ya ubavu mapema msimu ule, halafu likaja suala la dawa. Mwaka 2015 alipata kibali cha dawa ya aina hiyo, na mapigo yakarudi. Kwa hiyo, walisema, 2014 ni mwaka wenye sababu zake, uuweke kando. Isitoshe, uwanja wa nyumbani, Camden Yards, ulimfaa: ukuta wa kulia uko karibu kwa mpigaji wa kushoto. Na alicheza besi ya kwanza, yaani nafasi ya mlinzi wa kituo cha kwanza, vizuri sana kwa mtu wa ukubwa wake.

Upande wa pili haukumchukia Davis. Ulihesabu miaka. Alikuwa anatimiza 30 mwezi Machi 2016, maana yake timu ilikuwa inanunua umri wa 30 hadi 36. Na mfano ulikuwa mbele ya macho yao Philadelphia, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari: Ryan Howard, mpigaji wa kushoto, besi ya kwanza, nguvu tele na straiki nyingi, ambaye mwaka 2010 aliongezewa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 125. Ulipoanza kufanya kazi mwaka 2012 Howard alikuwa ameshapita kilele, na timu yake, Phillies, ililipa mpaka senti ya mwisho. Wapigaji wa aina hii wanaishi kwa kitu kimoja, kasi ya gongo. Hawakimbii, hawachezi nafasi nyingi, hawapigi mipira midogo ya kuchomekea kati ya walinzi. Kasi ikipungua kidogo tu, hakuna kazi ya pili ya kuwaweka uwanjani.

Kisha kulikuwa na swali la soko, na hapa naona wapinzani wa mkataba walikuwa na nguvu zaidi. Nani mwingine alimtaka Davis kwa bei ile? Orioles ilimpa kwanza ofa ya mwaka mmoja ya dola milioni 15.8, akakataa kama ilivyotarajiwa. Mwezi Desemba, taarifa za wakati ule zilisema, ofa ya karibu dola milioni 150 ilikuwa mezani kisha ikaondolewa. Katikati ya Januari makubaliano yalitangazwa kwa 161. Timu nyingine iliyokaribia fedha hizo haikuonekana hadharani. Wakala wa Davis alikuwa Scott Boras, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na desturi ya kuwapita wasimamizi wa usajili na kuzungumza na mmiliki wa timu mwenyewe, na mmiliki wa Orioles wakati ule, Peter Angelos, aliingia mwenyewe katika mazungumzo. Ukipandisha bei huku uko peke yako kwenye mnada, unashindana na hofu yako. Hofu ile ilikuwa na jina, nayo ni Nelson Cruz.

Kuhusu fedha, mashabiki wengi waliikosea hesabu, wakiwamo walioupinga mkataba. Dola milioni 161 kwa miaka saba ni milioni 23 kwa mwaka, lakini milioni 6 za kila mwaka ziliahirishwa bila riba. Jumla yake ni milioni 42, za kulipwa kidogo kidogo: milioni 3.5 kila mwaka kuanzia 2023 hadi 2032, kisha milioni 1.4 kila mwaka hadi 2037. Fedha utakayoipokea baada ya miaka ishirini bila riba si sawa na fedha ya leo, kwa hiyo thamani halisi ilikuwa chini ya ile iliyotangazwa. Waliosema timu imejipunguzia mzigo walikuwa sahihi kwa kiasi hicho. Ila mzigo wenyewe haukuwa kiwango cha mwaka. Ulikuwa idadi ya miaka, na miaka haikupungua hata mmoja.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo naamini pande zote mbili zililipita. Walibishana kama Davis ni mzuri wa kutosha kufidia vipindi vyake vibaya. Swali lililostahili kuulizwa ni hili: siku uwezo wake ukianza kuisha, tutajuaje?

Kwa mpigaji wa kawaida, wa 0.280 mwaka hadi mwaka, kushuka kunaonekana. Akipiga 0.255 mwaka mmoja na 0.240 mwaka unaofuata, kila mtu anaelewa. Kwa mpigaji wa kuwaka na kuzima, kuzeeka kunavaa nguo za ukame. Umezoea kumwona amekauka mwezi mzima kisha akarudi na homurani kumi. Kisima kinachosubiri mvua na kisima kilichokufa, ukivichungulia kutoka juu, ni giza lile lile. Kwa hiyo unasubiri. Na ukiwa umemlipa mpaka 2022, una kila sababu ya kuendelea kusubiri, maana kuacha ni kukiri kwamba fedha imekwenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2016 Davis alipiga homurani 38 na wastani wa 0.221, akitolewa kwa straiki mara 219. Ukame, tukasema, na homurani 38 si haba. Orioles ilishinda michezo 89 ikaingia mchezo mmoja wa mchujo huko Toronto, ikapoteza katika duru ya 11. Mwaka 2017 zikawa 26 na wastani wa 0.215. Ukame mrefu kidogo, na aliumia. Kila majira ya kuchipua yalikuja na matumaini kwamba atafanana na 2015, kama alivyofanya mwaka uliofuata baada ya 2014. Kurudi kwake kule mara moja ndiko kulikotufanya tusiamini macho yetu kwa miaka miwili.

Wapinzani uwanjani hawakusubiri. Miaka ile timu nyingi zilikuwa zimeanza kuhamisha walinzi: mpigaji wa kushoto anayevuta mipira upande wa kulia alikuta walinzi watatu wa ndani wamepangwa upande huo, mmoja wao akiwa amesogea nyuma kabisa kwenye majani. Mipira mikali ya chini ambayo zamani ilikuwa mapigo ikawa ya kuokotwa tu. Davis angeweza kujibu kwa kusukuma mipira upande mtupu wa kushoto, lakini mtu aliyelipwa milioni 161 kwa nguvu haachi nguvu kirahisi, na huenda hakuna aliyemtaka aziache. Badala yake akazidi kuchagua mirusho, akisubiri ule mmoja mzuri, na mara nyingi straiki ya tatu ilimpita gongo likiwa begani. Kwa shabiki hakuna kinachoumiza kama hicho. Anayekosa akiwa amepiga kwa nguvu zote husamehewa upesi. Anayesimama akatazama huonekana amekata tamaa, hata kama sivyo. Ligi ilipiga marufuku mpangilio ule wa walinzi kuanzia 2023, miaka miwili baada ya Davis kustaafu.

Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa 0.168. Katika historia ya ligi kuu tangu mwaka 1900, hakuna mchezaji aliyecheza kiasi cha kutosha kuhesabiwa katika orodha ya wapigaji aliyewahi kumaliza msimu chini hivyo. Rekodi ya awali ilikuwa 0.179. Orioles ilipoteza michezo 115. Nyota wa timu, Manny Machado, alikuwa ameuzwa kwa timu ya Dodgers mwezi Julai, na msimu ulipoisha Showalter na msimamizi wa usajili Dan Duquette wakaondoka. Davis akabaki, kwa sababu mkataba wake ndio uliobaki.

Halafu ikaja ile safari ya 54. Kuanzia katikati ya Septemba 2018, akavuka majira yote ya baridi, hadi Aprili 2019, Davis alisimama mara 54 zinazohesabiwa bila kupata pigo. Rekodi ya awali kwa mchezaji asiye mrushaji ilikuwa 46, ya Eugenio Vélez. Katika mchezo wa kwanza wa nyumbani mwaka 2019 mashabiki wa Baltimore walimzomea. Siku chache baadaye wengine uwanjani humo humo wakaanza kumpigia makofi kila alipotoka kwenda kupiga, na wengi wa hao hawakuwa wakimdhihaki. Walikuwa wamemwona kwa miaka minane. Boston nako, mtoto wa miaka 9, shabiki wa Red Sox, alimpa barua ya kumwambia kwamba anavyocheza hakuhusiani na ubora wake kama mtu. Kesho yake, tarehe 13 Aprili, pale pale Fenway, Davis alipiga mrusho wa Rick Porcello wa Red Sox ukatua upande wa kulia, wachezaji wawili wakafunga alama. Akamaliza mchezo na mapigo matatu.

Hata wakati huo nilijikuta nikiwaza: labda ndiyo hii, ameamka. Sikuwa peke yangu. Msimu ule aliumaliza na wastani wa 0.179.

Gharama ya kusubiri haikuwa ya fedha peke yake. Orioles ilikuwa na kijana wa besi ya kwanza aitwaye Christian Walker. Njia ilikuwa imezibwa. Mapema 2017 wakamwachia bila kupata kitu, akapita timu mbili ndani ya wiki chache, akatua Arizona. Mwaka 2022 alipiga homurani 36 na kutunukiwa Glovu ya Dhahabu kwa ulinzi katika nafasi ile ile ya Davis. Trey Mancini, naye mtu wa besi ya kwanza, alisukumwa kucheza pembeni nyuma, mahali pasipomfaa. Sidai kwamba Orioles wangejua Walker atakuwa nani. Timu nyingine mbili pia hazikujua. Ninachosema ni kwamba mkataba mrefu kwa mtu asiyeweza kuhamia nafasi nyingine huzuia hata kujaribu.

Na kulikuwa na njia nyingine Januari ile ile, tena nyumbani. Mwezi Desemba 2015 Orioles ilikuwa imeshamchukua Mark Trumbo kutoka Seattle kwa kubadilishana na mdakaji wa akiba, yaani yule anayedaka mirusho nyuma ya mpigaji. Trumbo naye alicheza besi ya kwanza. Mwaka 2016 alilipwa kama dola milioni 9 akapiga homurani 47, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi. Sikusudii kusema mtu angetabiri 47. Lakini nguvu tupu, bila mapigo mengine, ndicho kitu kilichokuwa kikishuka bei sokoni, na Orioles yenyewe ilikuwa imetoka kuthibitisha hivyo kwa Cruz na Trumbo, kisha ikanunua kitu hicho hicho kwa bei ya juu kabisa. Siku chache baada ya mkataba wa Davis, New York Mets ilimsajili Yoenis Céspedes, mpigaji mwingine wa nguvu na vipindi, kwa miaka mitatu na dola milioni 75, naye akiwa na haki ya kuondoka baada ya mwaka mmoja. Fedha ya mwaka ni kubwa kuliko ya Davis. Miaka ni chini ya nusu.

Mkataba wa umbo hilo ndio ningeutetea Baltimore. Miaka mitatu, hata minne, kwa milioni 25 au zaidi kila mmoja, bila kuahirisha chochote. Mpigaji wa kuwaka na kuzima mlipe vizuri akiwa anawaka, na ujiwekee tarehe ya karibu ya kumtazama upya, maana bila tarehe hiyo hutajua lini ukame umekuwa mwisho. Kama Boras angekataa, na bila shaka angekataa mwanzoni, ningemwacha aende kutafuta mnada mwingine. Naujua uchungu wa jibu hilo kwa shabiki aliyekuwa uwanjani 2013. Na Davis akipiga 47 tena akiwa na jezi nyingine, ningelaumiwa, na ningestahili.

Davis mwenyewe hakumwibia mtu. Alitia saini alichopewa, alifanya mazoezi, alisimama mbele ya waandishi baada ya usiku mbaya kuliko wote. Mwaka 2019 yeye na mkewe walitoa dola milioni 3 kwa hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Maryland. Baada ya upasuaji wa nyonga alitangaza kustaafu tarehe 12 Agosti 2021, ukiwa umebaki msimu mmoja na zaidi. Malipo yake ya 2022, dola milioni 17, yakagawanywa katika miaka mitatu iliyofuata na kuongezwa juu ya yale yaliyoahirishwa.

Kwa hiyo mwaka 2023, Orioles mpya iliposhinda michezo 101 na kutwaa kundi lake, Davis alilipwa karibu dola milioni 9.2, mara kadhaa ya mishahara ya nyota wake vijana, Adley Rutschman na Gunnar Henderson, ikijumlishwa pamoja. Malipo ya mwisho ni ya mwaka 2037. Davis atakuwa na miaka 51.